Mwethya wa Uji

Wewe unayenisikiliza, kama una kazi mkononi endelea nayo. Masikio hayashiki jembe. Nitakwenda polepole, kwa sababu kisa hiki kimejaa desturi za kwetu, na ikikupita hata moja utadhani tulikuwa watu wa kujitafutia taabu.

Tuanze na mwethya. Kwetu Ukambani mtu akiwa na kazi inayoishinda mikono ya nyumba yake, shamba la kulima au nyumba ya kuezeka, huwaita majirani. Hao majirani wakikusanyika ndio mwethya. Hawalipwi. Leo wako kwangu, kesho mimi niko kwao. Lakini mwenye shamba ana wajibu mmoja ambao hakuna aliyehitaji kukumbushwa: jua likianza kuinama na majembe yakilazwa chini, watu hupewa pombe. Sisi tunaiita uki. Uki ya asali, au ya miwa kwa asiye na asali. Mwethya bila uki haukuwa mwethya. Mtu aliyelimiwa shamba bila kuwapa watu uki alitajwa vibaya mpaka kwa wajukuu zake.

Lishike hilo, maana ndilo lililomnasa baba yangu.

Baba alikuwa mrina asali katika vilima vya Kilungu. Mizinga yake ya magogo ilining'inia kwenye migunga na mikuyu ya bondeni kwetu na ya mabonde ambayo sijawahi kufika, na kila mmoja aliuchonga alama ya ukoo. Asali nyingi ya siku zile haikuliwa. Ilikorogwa na maji, ikatiwa miatine, yale matunda makavu ya mvungunya yanayochachusha, ikawekwa karibu na moto mpaka ikawa uki. Kila mzee aliyetaka kupika uki alimjia baba, na uki ikiiva alimletea kibuyu cha shukrani. Kwa njia hiyo aliingia. Hakuna aliyemsukuma. Alikunywa kwa heshima, akashukuriwa kwa heshima, na vita vile vikubwa vilipokwisha, nami nikiwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi, alikuwa hawezi kuianza asubuhi bila kunywa.

Nataka uelewe vizuri neno hilo, hawezi. Akiamka, mkono wake wa kulia ulitetemeka. Niliuona ukitetemeka juu ya goti lake kama ndege aliyeshikwa. Mrina asali hupanda mti kwa mikono yake miwili. Ili apande, mkono utulie; ili mkono utulie, anywe; na akishakunywa, mti unageuka hatari. Mama alinieleza siku moja tukipura mtama. "Baba yako amefungwa kamba," alisema, "na ncha zote mbili anazishika mwenyewe."

Nilipokuwa msichana mkubwa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, alianguka. Alikuwa kwenye mkuyu wa kijitoni, si juu sana. Tulimkuta amelalia bega, nyuki wametanda shingoni, naye anacheka kwa aibu. Bega lilipona. Ila tangu siku hiyo mama hakulala vizuri, wala mimi. Baba akichelewa kidogo tu, tuliacha kuzungumza tukawa tunasikiliza njia. Alikuwa na kikohozi kifupi alichokitoa akifika kwenye miba ya boma letu, na mpaka leo nikisikia mzee akikohoa nje ya nyumba, moyo wangu hutua kwanza, ndipo nikumbuke kwamba baba alikwisha tutoka zamani.

"Mti umemrudisha safari hii," mama aliniambia. "Safari nyingine sijui."

Habari za kile kikundi mama alizipata kwenye chemchemi, wakati wa kusubiri maji. Mwanamke mmoja wa kilima cha pili alikuwa akiwachekesha wenzake. Alisema kwao kuna watu wenye wazimu, wanaitana mwethya kila siku ya soko, mchana ule ule ambao wanaume wenye akili wako kwenye vibuyu, na wakimaliza kuchimba wanakunywa uji. "Uji! Kama wazazi waliojifungua!" Wanawake walicheka. Mama naye alicheka ili asijulikane, kisha akatembea na yule mwanamke kipande cha njia, akamuuliza kwa mbali kama anayeuliza habari za mbegu: ni watu gani, wanakutana wapi, nani anawaongoza.

Walikuwa watu waliokuwa wakijaribu kuiacha pombe. Hawakuwa wa misheni, ingawa wachache walisali. Walioanzisha walikuwa mjane mmoja aliyekuwa mpika pombe na mwanamume mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa reli kule Kambu. Walichimba mitaro kwenye miteremko, wakitupa udongo upande wa juu, ili mvua isikokote shamba. Hii ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na watu wengi wakikaa pamoja bila ruhusa waliulizwa maswali mabaya. Lakini wachimba mitaro hawakuulizwa na mtu, kwa sababu serikali yenyewe ilikuwa ikiihimiza. Machifu walipita, wakasifu, wakaenda zao.

Mama hakuweza kumpeleka baba. Mke anayemtangulia mumewe njiani kumpeleka mahali angeimbwa nyimbo za dhihaka. Akaniambia, "Wewe ni binti yake. Mbebee jembe." Kisha jioni alimwambia baba, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kuna mwethya kilima cha pili siku ya soko. Wameomba watu wenye nguvu."

Baba alifurahi. Alinoa jembe.

Unaona sasa? Mama hakudanganya hata neno moja. Mwethya ulikuwepo. Baba naye hakuuliza kuhusu uki, kwa sababu hakuna Mkamba mwenye adabu ambaye angeuliza. Ingekuwa kama kumuuliza mtu kama kwake kuna moto. Nilitembea nyuma yake njia nzima. Nilijua, na yeye hajui. Alipiga mluzi. Alinionyesha mzinga wake mmoja kwa mbali. "Leo watatupa ya asali," alisema. "Kilima hiki hawana miwa."

Mstari ulikuwa umeshaanza. Kila mtu alichimba kipande chake, wote wakitazama mlima, kwa hiyo mtu hamwoni jirani yake ila kwa pembe ya jicho. Baba aliwekwa kati ya yule mtu wa reli na kijana mmoja aliyekuwa mkimya. Mimi nilitumwa kwenye majiko na mjane. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Wewe ni wa yule?"

"Ni baba yangu, mama."

"Anajua?"

Nikatikisa kichwa. Alikoroga uji akicheka kimoyomoyo. "Vizuri. Wengi wetu tuliletwa hivyo hivyo."

Baba alichimba kama mtu anayetafuta sifa. Jua likainama. Majembe yakalazwa. Wakakaa kwenye ukingo wa mtaro, nami nikampelekea baba kibuyu cha uji wa wimbi. Alikitazama.

"Karibu, mzee wa asali," mjane aliita.

"Asante. Nitangoja."

"Unangoja nini?"

"Kinachokuja baada ya uji."

Mstari mzima ulipasuka kwa kicheko. Mtu wa reli alijipangusa machozi. "Ndugu yangu, mimi nilingoja mpaka nyota zikatoka. Hakuna kinachokuja baada ya uji."

"Kinakuja," mjane alisema. "Kibuyu cha pili."

"Nyamaza wewe, mama. Wewe ndiye uliyetupikia tukafika hapa."

"Na wewe uliyelala juu ya reli ukidhani ni mto wa kulalia, nyamaza kwanza!"

Baba hakucheka. Uso wake ulifanya giza polepole, jinsi uso wa mtu unavyofanya akigundua kwamba wote waliokaa naye wanajua habari zake. Alisimama, akachukua jembe mwenyewe, akashika njia. Nilimkimbilia. Alitembea mbele yangu kwa haraka mpaka nyumbani. Mama alitutazama tukiingia, naye akainama kwenye chungu chake kana kwamba kuna kitu kimeanguka ndani.

Siku zilizofuata nilitembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa hadi mdomoni. Niliogopa atampiga mama, jambo ambalo hakuwa amelifanya kamwe. Niliogopa atakunywa zaidi kwa hasira. Siku ya soko iliyofuata alikaa uani muda mrefu, mkono gotini. Kisha akasema, bila kunitazama, "Jembe liko wapi?"

Nilimuuliza miaka mingi baadaye kwa nini alirudi. Alisema ni kwa sababu ya swali. Wakichimba siku ile ya kwanza, mtu wa reli alimuuliza, bila kugeuka: "Wako unatetemeka asubuhi tu, au na jioni?" Baba alisema watu wote walikuwa wamemwambia kuhusu mkono wake. Huyo ndiye wa kwanza kumuuliza.

Tulienda siku nyingi za soko, kwa hiyo naweza kukueleza walivyofanya. Hawakukaa kwa duara kuhojiana. Mtu alisema akiwa anachimba, ameuelekea udongo, na aliposema hakuna aliyemjibu wala kumshauri. Ulisikia majembe tu. Akinyamaza, mjane alisema, "Tumesikia. Chimbeni." Basi. Mimi nilikuwa kwenye majiko na sikuyasikia mengi, na niliyoyasikia sitayasema, kwa kuwa waliuambia mlima, mimi nilipita tu.

Ila nitakwambia habari za katikati ya mstari. Aliyeanguka wiki hiyo, yaani aliyekunywa, aliwekwa katikati, penye udongo mgumu, ili wa kulia na wa kushoto waende kwa mwendo wake. Hakukaripiwa. Baba alisimama katikati mara kadhaa mwaka ule wa kwanza. Mara moja alipita kwa kaka yake mkubwa, baba yangu mkubwa, mtu mcheshi aliyependa vibuyu na aliyekuwa akiimba habari za "mwethya wa uji" njia nzima. Baba alirudi akiwa amelewa, akakohoa nje ya boma, na mama hakumfungulia moyo siku mbili. Lakini siku ya soko alikwenda. Mjane alimtazama mara moja tu, akasema, "Katikati, mzee." Naye akaenda.

Polepole mkono ulitulia. Mwanzoni sikuamini. Nilikuwa nikimpelekea maji asubuhi ili tu niutazame. Akapanda miti tena akiwa mkavu, bila tone la uki, na ile tabia ya mama ya kuacha kuzungumza asikilize njia ikaanza kupungua.

Hapo ndipo nilipoposwa.

Mchumba wangu alikuwa fundi wa mawe kutoka Kitui, ng'ambo ya mto Athi, aliyekuja Kilungu kujenga shule. Mbuzi wa ntheo, ambao kwetu ndio wanaoitambulisha ndoa, walikwisha letwa. Ilibaki pombe ya wakwe. Nikueleze na hii. Watu wa mwanamume huja na vibuyu vya uki ya asali. Baba wa msichana ndiye anayepokea wa kwanza. Anapiga funda, anamtemea binti yake kifuani kidogo kuwa baraka, kinachobaki anakimeza, ndipo wazee wengine wanywe. Asipokunywa, hajakubali. Na asipokubali mbele ya vibuyu, amewatukana wakwe, na msichana anakwenda kwa mumewe bila mdomo wa baba yake. Watu wetu waliiogopa sana hali hiyo. Mtoto akiugua, inasemwa ni ile.

Sikulala. Funda moja tu, mtu atasema. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye majiko yale muda wa kutosha kujua funda moja ni nini. Nilimwendea baba akichonga mzinga.

"Baba, mimi naweza kungoja."

"Kungoja nini?"

"Ndoa. Mpaka... baadaye."

Aliendelea kuchonga. "Unataka nikukoseshe nyumba kwa sababu ya kibuyu?"

"Nataka usianguke."

Alizidisha nguvu. Vipande vya mti viliruka. Niliona mkono ule, ulikuwa umetulia, nikauogopea zaidi kuliko ulipokuwa ukitetemeka. Siku zile haukuwa na cha kupoteza.

Siku ya soko alilisema kwenye mstari, na safari hii mjane hakusema "tumesikia." Majembe yalisimama, jambo nililokuwa sijaliona. Yule kijana mkimya alisema baba aliweke funda mdomoni, anitemee lote, asimeze.

"Unanifundisha mimi?" mjane alisema. "Mimi nilianza kwa kuonja tu kama imeamka."

Ndivyo wapika pombe wanavyosema. Asali na maji vikianza kuuchoma ulimi kidogo, kama anavyouma chungu, yule sisimizi wa mashinani mwa miti, husema imeamka. Bado ni tamu, mtoto anaweza kuinywa akadhani ni asali. Lakini imeamka, na haitalala tena.

"Kaka yake anywe kwa niaba yake," mtu wa reli alisema.

"Huyo atafurahi!" mjane alisema. "Lakini baraka ni ya mdomo wa baba."

Baba ndiye aliyepata njia. Alisema polepole, akiutazama mlima: "Uki ya wakwe ni asali. Wanaiheshimu kwa sababu ni asali. Basi wanikorogee asali na maji, kabla ya miatine, kwenye kibuyu cha peke yake. Nitapiga funda, nitabariki, nitameza. Wengine wanywe yao."

Mjane na mtu wa reli walikubali kuwa wajumbe. Walivuka Athi kwa miguu kwenda kuwaeleza wazee wa upande ule. Walirudi na jibu fupi kutoka kwa babu wa mchumba wangu: "Tumesikia neno la mkwe wetu." Halikuwa ndiyo, wala halikuwa hapana. Nililigeuzageuza jibu hilo mpaka siku yenyewe.

Walifika jua likiwa kali, wamelala njiani usiku mmoja, wanawake wamebeba vibuyu mgongoni kwa kamba za kipajini. Harufu ya uki ilitangulia kuingia bomani. Niliketi karibu na mama, nimeangusha macho kama inavyotakiwa, lakini nilikuwa natazama miguu ya baba. Baba mkubwa alikuwa amekwisha lamba midomo.

Ndipo nikasikia majembe. Chini ya boma letu kulikuwa na mteremko ambao baba hakuwa ameumaliza. Watu wa mwethya wa uji walikuwa wameingia pale bila kuitwa, wanachimba. Hawakupanda juu, hawakutazama. Walichimba tu, tukisikia.

Babu wa mchumba wangu alisalimu, akasema maneno ya uzuri. Kisha akatoa kibuyu kidogo, cheusi, kilichong'aa kwa uzee, shingo yake imefungwa ushanga. "Mkwe wetu aliomba asali isiyotiwa kitu," alisema. "Tuliona si haki asali ya mkwe ije kwenye kibuyu cha kawaida. Hiki ni cha baba yangu. Uki ya ndoa yangu ilinywewa humu." Watu walinong'ona kwa kusifu. Walikuwa wamekubali! 

Baba alipokea pembe ya kunywea iliyojazwa kutoka kibuyu kile. Akaileta karibu na uso. Akasita.

Mkono wake ulianza kutetemeka. Si sana. Nadhani ni mama na mimi tu tulioona. Harufu ya uki ilikuwa kila mahali, kwenye nguo, kwenye hewa, na hakuweza kujua kwa pua kama harufu ile inatoka kwenye pembe yake au kwa jirani. Chini majembe yaliendelea.

Akainua macho, akanitazama. "Njoo, mwanangu," alisema. "Onja."

Minong'ono ikazuka. Msichana haonji mbele ya baba yake. "Mambo gani haya?" mtu mmoja alisema. Nilitambaa kwa magoti, nikapokea pembe, nikatia ulimi.

Ilikuwa tamu. Ilikuwa asali njema ya Kitui, yenye moshi wa mrina. Nilitaka kusema, ni asali, baba, kunywa. Kisha ulimi ukanichoma kidogo pembeni, kama chungu.

Fikiria. Kibuyu kilichobeba uki miaka na miaka, uki imeingia kwenye ukuta wake. Wametia humo asali na maji, kwa heshima kubwa kabisa, wakaibeba juani, wakalala nayo njiani, wakaibeba tena. Hawakutia miatine. Hawakuhitaji. Kibuyu chenyewe kilifanya kazi hiyo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wangetuchukia wangeleta kibuyu kipya.

Nikiyasema, nimemwaibisha babu wa mume wangu mbele ya kibuyu cha baba yake. Nikinyamaza, baba anameza. Watu wote walikuwa wakinitazama mdomo. Nilisema kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kutoa:

"Baba, imeamka."

Baba alifumba macho, akayafumbua. Akachukua pembe mkononi mwangu, akaishika kwa mikono miwili, akamgeukia yule mzee. "Baba," alimwita, "kibuyu hiki kina nguvu kuliko mimi. Kimefanya kazi yake ya siku zote. Siwezi kushindana nacho, na siwezi kukikataa. Naomba kaka yangu akipokee kwa heshima yako, nami nikulishe asali ya mkononi mwangu."

Mzee alikitazama kibuyu. Nikaona kwamba ameelewa. Nilidhani atasimama aondoke, na wote wasimame. Mchumba wangu alikuwa ameshika vidole vyake kwa nguvu mpaka vikageuka rangi.

Baba hakungoja. Aliingia ghalani kwake, akatoka na sega la asali juu ya jani la mgomba. Alimega, akatafuna, akanywa maji ya mtungini, akanitemea kifuani matone ya baraka, na kinachobaki akakimeza. Kisha akamega kipande cha pili, akampa mzee wa Kitui.

Mzee alikipokea. Alitafuna muda mrefu sana. Akatema nta kiganjani, akaitazama.

"Sisi tumeleta asali iliyozeeka," alisema mwishowe. "Mkwe ametupa changa. Nani atasema amekataa?"

Hapo baba mkubwa akaikamata ile pembe. "Nimeona," alisema. "Leo nitabeba mzigo wa ukoo mzima peke yangu. Nihurumieni." Akaimaliza, na boma likacheka, na mama akaanza kulia huku akicheka, akisingizia moshi.

Uki ya wakwe ikanywewa na wazee wengine. Baba alikaa nao kidogo tu. Kisha akaomba radhi, akachukua jembe, akateremka. Ni jambo lisilosikika, mwenye boma kuwaacha wakwe wanakula, na mama alikuwa akiwaeleza wageni mpaka akachoka. Nilitumwa na uji. Nilimkuta ameingia katikati ya mstari.

"Mzee," mjane alikuwa akimwambia, "hapo si pako leo."

"Najua," baba alisema. Mkono ulikuwa bado unatetemeka kwenye mpini. "Imebaki kidogo tu iwe pangu. Niacheni nipachimbe."

"Tumesikia," mjane alisema. "Chimbeni."

Nilikwenda Kitui, nikaolewa, nikazaa. Kila nilipovuka Athi kurudi kumwona, kitu cha kwanza nilichotazama ni mkono wake akinipokea mzigo. Hofu ile haikuniacha, na sitakudanganya kwamba huisha. Hupungua sauti tu. Baba hakufia mtini. Alifia kitandani kwake, mzee kabisa, na watu wa uji ndio waliochimba kaburi.

Kwa hiyo nikuombe hili, ambalo unaweza kulifanya hata leo. Akija kwako mtu aliyeiacha pombe, usimheshimu kwa chombo cha zamani. Chukua kibuyu kipya ambacho hakijawahi kuguswa na uki, kisugue ndani kwa majivu ya moto na maji, kianike juani mpaka kikauke. Mtu akishafika na kuketi, ndipo umkorogee asali yake na maji mbele ya macho yake, na uionje wewe kwanza.